Barua kwa mdogo wangu anayeutamani ukemia wa mahakamani

Columbus, Ohio

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi na watoto hatujambo, na natumaini kwamba wewe, mama na wote nyumbani mu wazima. Tangu uliponiandikia kuwa ukimaliza shahada ya kemia ungependa kufanya kazi katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nimekuwa na jambo la kukueleza, na juzi tamthilia moja ya televisheni imenipa pa kuanzia.

Ni CSI, ile ya wachunguzi wa maabara ya polisi ya Las Vegas, na niliyoitazama ni sehemu ya kufungia msimu wa tano, iliyoongozwa na Quentin Tarantino na kurushwa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Mei 2005. Mchunguzi Nick Stokes anatekwa akiwa kazini na kuzikwa hai ndani ya jeneza la kioo, huku wenzake wakimwona kwa kamera iliyotegwa humo. Sisimizi wanapoanza kumng'ata, mkuu wake Gil Grissom, mtaalamu wa wadudu, anawakazia macho kwenye skrini na kutambua kuwa ni wale wekundu wakali ambao si wenyeji wa jangwa la Nevada. Kwa kuwa sisimizi hao huweza kusafirishwa na udongo wa miche, msako unaelekezwa kwenye kitalu cha miche. Hapo niliiheshimu mno kazi unayoitamani, maana mtu aliokolewa kwa sababu yupo aliyetumia miaka yake kuwasoma sisimizi.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni chanzo cha utekaji wenyewe. Mtekaji ni baba ambaye binti yake yuko gerezani kwa ushahidi wa maabara ileile, naye anaamini kuwa binti hana hatia. Ukatili wake siutetei, lakini kilio chake kina uzito, kwa kuwa vinasaba (DNA, alama za urithi zilizomo mwilini mwa kila mtu) huonyesha ni vya nani, wala havisemi vilifikaje pale vilipookotwa.

Hilo limetokea kweli. Mwaka 2012, huko California, mtu mmoja alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu, akakaa rumande miezi kadhaa, mpaka ilipobainika kwamba usiku wa mauaji alikuwa amelazwa hospitalini kwa ulevi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio walioitwa baadaye nyumbani kwa marehemu, na bila kujua wakavihamisha vinasaba vyake. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa. Maana kiliyopewa ndiyo iliyokuwa batili, na ingeweza kumpotezea mtu maisha yake.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Isome yote kabla hujaomba kazi, mdogo wangu, kwa maana jibu lako siku moja litasomwa mbele ya hakimu, na mshtakiwa hatakuwa na uwezo wa kukuuliza kwa lugha ya kitaalamu. Ningependa wewe mwenyewe uandike katika ripoti yako kile ambacho kipimo hakiwezi kukisema, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Niandikie unifahamishe kama chuoni mnafundishwa jinsi vinasaba vinavyohama kutoka mkono hadi mkono. Kama bado, nitatafuta kitabu huku nikutumie.

Nisalimie mama na majirani.

Dada yako akupendaye