Kaka yangu, ulimfuta Mama mbele ya watoto

Assalamu alaikum, kaka.

Simu hupokei, ujumbe unausoma na hujibu, basi nakuandikia hapa. Wifi yangu husoma kila kitu, atakufikishia.

Kwanza ahsante kwa rangi za watoto wa darasa langu, wanaochora picha za kutundika kwenye makumbusho ya Ngome hapa Chake Chake. Bila ya fedha zako za Maskati watoto wangechora kwa mkaa. Ulininung'unikia kwa nini tununue plaiwudi na ukuta wa makumbusho upo. Ukuta wa Ngome ni mawe na chokaa. Ukiupaka rangi za siku hizi unyevu unakosa pa kutokea, plasta inavimba na kubanduka. Ndiyo maana watoto wanachorea pembeni, kisha mbao zinatundikwa. Wewe mtoto wa fundi muashi, hili nilidhani unalijua.

Siku ile ya kuja kutazama michoro ulikuja vizuri, sikatai. Kanzu imenyooka, halua kwa darasa zima. Uliwahadithia kimbunga cha 1872, jinsi kilivyoilaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo tegemeo la karafuu. Watoto kimya, na mimi roho yangu kwatu, huyo ndiye kaka yangu anayesema. Kwenye mbao ya kina mama wa mwani ulisema makumbusho ni ya mambo ya kale, mwani ni jambo la juzi. Kilimo chake kimeingia mwishoni mwa miaka ya 1980, kaka. Bibi zao watoto wale wameshazeekea ndani ya maji. Lakini hilo lilipita. Foleni ya madumu bombani ulicheka, mchezo wa ng'ombe ukaupiga picha. Ukafika kwa mwanao.

Alimchora bibi yake. Kakaa juu ya jamvi, mguu mmoja kaunyoosha, mbele yake rundo la karafuu mbichi, makonyo, vile vijiti vyake, kayatenga upande, na lile kopo la kupimia pishi lililobonyea. Mtoto alihangaika na vidole kuliko uso. Alichanganya nyekundu na kijani, akamwaga, akachanganya tena, mpaka akaupata ule weusi wa utomvu wa karafuu usiotoka hata kwa sabuni. Ukamuuliza, "Huyu nani?" Akakujibu kwa furaha, "Bibi, anachambua karafuu za watu."

Ukachukua kitambaa kwenye ndoo, rangi bado mbichi, ukafuta. Wala hukuwa na haraka. Ulianza na vidole. Mtoto alibaki na brashi mkononi anakutazama, na wenzake wanamtazama yeye.

Baadaye ulisema ni dini, sura za viumbe hazifai. Kwa heshima zako zote: wavuvi uliwaacha na sura zao, ng'ombe ulimwacha na macho yake. Ulifuta mmoja tu. Mlangoni ndipo ulipolitoa la moyoni: "Mama yangu hakuwa kibarua."

Alikuwa, kaka. Nauli yako ya meli ya kwanza kwenda Unguja ilitoka kwenye lile kopo, pishi kwa pishi, kandili inafuka moshi na wewe umelala pale pale jamvini. Kwenye hadithi yako ya 1872 mikarafuu ilianguka na mikarafuu ikasimama, mchumaji hukumtaja.

Beit el-Ajaib ya Mji Mkongwe, Unguja, ilipoporomoka Disemba 2020 ulinipigia unalia. Jumba la Seyyid Barghash, la 1883, ukasema historia yetu imekwisha. Mafundi waliofia chini yake sikukusikia ukiwaulizia. Niliinyamazia siku ile kwa sababu ulikuwa unalia kweli, na mimi kilio chako sikiwezi, tangu utoto.

Ushauri wangu, na sikiliza kwa mdogo wako: mtoto akikuonyesha kitu, muulize kakitoa wapi kabla hujanyoosha mkono. Wapo wanaosema ningekuonya mapema. Nikuonye nini? Ulituma fedha, hukuuliza kinachochorwa. Na ndiyo, hadithi za Mama mwanao nilimpa mimi, usiku kwa usiku, maana wewe sauti yako anaisikia Ijumaa kwa Ijumaa. Sikumfundisha kukuaibisha. Nilimwambia achore anachokijua, na kesho nitamwambia vivyo hivyo. Wanaosoma wanisamehe, haya ni ya nyumbani.

Embe boribo lako la uani limezaa mwaka huu mpaka matawi yanainama. Nimewakataza watoto wa jirani wasilitupie mawe.

Mbao ile nimeisugua na kuipaka nyeupe upya. Mwanao hataki kuigusa. Anasema achore mwengine. Mpigie wewe, baada ya Isha huwa hajalala. Mimi usinipigie mpaka umeshasema naye.

Mdogo wako,
Chake Chake