Ubao wa mapokezi useme kila bingwa wa watoto anatibu nini na anatafiti nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linalowahusu madaktari bingwa wa watoto wanaofanya kazi katika hospitali zinazofundisha, hasa za huku kwetu Kaskazini. Nilizopata kuingia zote zina ubao ukutani karibu na mapokezi, umeandikwa majina ya madaktari na siku zao za kliniki, na mbele ya majina kadhaa yanafuata maneno yale yale matatu: Bingwa wa Watoto. Maneno hayo hayatoshi. Naomba kila jina liongezewe mistari miwili ya Kiswahili, mmoja ukitaja magonjwa ambayo daktari huyo anayashughulikia zaidi, na wa pili ukitaja anachokifanyia utafiti.

Nimefika kwenye ombi hili kwa kutembea. Mjukuu wangu alipokuwa na miaka mitano miguu yake ilianza kupinda, na tabibu wa zahanati yetu, ambaye simlaumu hata kidogo, aliandika barua ya rufaa "kwa bingwa wa watoto" bila kuongeza neno, kwa kuwa hakuwa na neno la kuongeza. Tulipofika katika hospitali tuliyoelekezwa, ambayo sitaitaja, tulipangiwa daktari mpole aliyetuandikia dawa za vitamini D na kututaka turudi baada ya miezi mitatu. Baadaye nilielewa kwamba umahiri wake ni watoto wachanga, hasa wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Wa pili alimsikiliza mtoto kifua kwa muda mrefu sana, akaniambia kwa furaha ya kweli kwamba moyo ni mzima. Yeye alikuwa mtu wa mioyo.

Daktari wa tatu hakuanza na miguu. Aliuliza tunakunywa maji ya wapi. Nilipomjibu kwamba tunakaa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, alitua kalamu, akauliza kama nyumbani makande tunayapika kwa magadi, kisha akamwita dada yake mtoto, binti wa miaka kumi aliyekuwa amekaa kwenye benchi akitusubiri, akamwomba atabasamu. Meno ya mbele yalikuwa na mistari ya rangi ya kahawia, yale ambayo wageni huyaita meno ya Arusha na sisi wenyewe tumeyazoea hata hatuyaoni tena. Hapo ndipo alipotuma mtoto akapigwe eksirei na kutolewa damu, ili apate kutofautisha matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D au madini ya chokaa na yale yanayosababishwa na floraidi, madini yanayokuwa ndani ya maji, maana kwa macho ya mtu wa kawaida miguu hiyo inafanana, na wakati mwingine mambo yote mawili humpata mtoto mmoja. Ndio utafiti wake: mifupa ya watoto wa maeneo yenye udongo wa volkano. Chumba chake kilikuwa mlango wa nne kutoka chumba cha yule wa kwanza, na sisi tulitumia miezi minane kuifikia milango hiyo minne.

Kwa wasomaji wasio wa huku, niongeze kidogo. Maji mengi ya miteremko ya Meru na sehemu za Kilimanjaro yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano yanakopita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwa muda mrefu viwango vya nchi yetu viliruhusu zaidi ya hapo, hata miligramu 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Meno ya ukubwani hudhurika yangali yanajengeka ndani ya ufizi, yaani katika miaka ya mwanzo ya mtoto, kwa hiyo kumpeleka kijana wa miaka kumi na mitano akasafishwe meno ni kuchelewa mno. Magadi tunayolainishia maharage nayo hubeba floraidi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na nyumbani kwangu sasa upo mtungi wa namna hiyo, ingawa mke wangu alichukua wiki kadhaa kukubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa.

Sidai kwamba madaktari wawili wa mwanzo walikosea kazi yao. Tiba ya watoto ni pana kuliko jina lake: figo, damu na saratani, mishipa ya fahamu, homoni, mapafu, lishe. Mtu husoma shahada ya kwanza miaka mitano, akafanya mazoezi ya mwaka mmoja, akarudi darasani mitatu au minne ya uzamili, na anayetaka kuwa bingwa bobezi huendelea tena. Haiwezekani wote watoke huko na jicho moja. Hospitali inayofundisha, tena, humtaka mtu huyo huyo atibu, afundishe na atafiti, na mara nyingi kile anachokitafiti ndicho anachokitambua upesi zaidi mgonjwa anapoingia mlangoni.

Tunao mfano wa karibu. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa wa homa 870, watu wazima na watoto, waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi, na matokeo yalichapishwa 2013. Zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa wameandikiwa malaria, ilhali malaria yenyewe ilithibitishwa kwa chini ya 2 katika kila 100. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, na wengine magonjwa yanayotoka kwa mifugo, kama brusela, leptospira na homa ya Q. Mzazi anayelala na mbuzi chini ya paa moja angetaja mbuzi wake kama angejua kuna daktari anayeuliza habari za mbuzi.

Mfano mwingine ni wa dripu, ambayo sisi mabibi na mababu tunaidai wodini kana kwamba ni haki ya kikatiba. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na hapa Tanzania, katika Hospitali ya Teule huko Muheza, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Ulipochapishwa 2011 ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, kiasi cha 10.5 katika 100 dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa hivyo. Watoto wenye kuharisha hawakuwa sehemu ya utafiti huo, kwa hiyo mtu asije akamnyima maji mtoto anayeharisha kwa kunisoma mimi. Ninachosema ni kwamba ugunduzi huo ulitokana na watoto wetu, na mpaka leo sijauona umeandikwa kwa Kiswahili kwenye ukuta wa wodi yoyote niliyoingia.

Najua nitaambiwa kwamba daktari hajitangazi. Kueleza unachokifanya si kupiga debe, na anayeuhitaji zaidi ubao huo ni tabibu wa zahanati anayeandika rufaa; nakala ya ubao ingefaa ibandikwe mezani kwake. Nitaambiwa pia kwamba wazazi watakimbilia bobezi kwa kila kikohozi. Hilo lina ukweli, ndiyo maana bingwa wa jumla abaki kuwa wa kwanza kumwona mtoto, ila na yeye awe na orodha ya kumwonyesha ampeleke wapi akikwama.

Kuna faida nyingine ambayo wakubwa huenda wasiipende. Ubao ukisema wazi, tutaona pia kisichotafitiwa na mtu. Nashuku kwamba magonjwa yenye wafadhili yatajaza mistari mingi, na watoto wanaoungua kwa uji wa moto jikoni hawatakuwa na hata mmoja.

Hospitali itakayosema haina mtu wa kuandika mistari hiyo kwa lugha inayoeleweka, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na Jumanne na Alhamisi asubuhi sina kazi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Maji ya Chai, Arusha.