Risala ya Wavuvi na Wachuuzi wa Samaki wa Kunduchi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Bahari Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Ofisa Uvuvi wetu, wazee wa pwani, mama zetu wa dagaa, walimu na wanafunzi,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Karibu sana Kunduchi. Umetukuta kusi imeshika, ndiyo maana ngalawa nyingi unaziona zimepandishwa ufukweni. Mwaka huu tumekubaliana tusikueleze habari za barafu wala mwalo, ingawa bado tunazihitaji. Tunataka kusema juu ya bahari tunayoitumia pamoja na majirani zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkondo wa bahari unaopita pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Chupa ikitupwa Mto Msimbazi, masika yakaisukuma hadi baharini, inaelekea Tanga na Kenya. Na uchafu wa kusini nao huja kwetu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Tanzania Bara tulifuata Juni 1, 2019. Tunaipongeza Serikali kwa hatua ile. Lakini kwa karibu miaka miwili jirani alikuwa anazuia mifuko kwake huku ya kwetu ikiendelea kuingia kwenye maji yale yale. Sheria za namna hii zingeanza siku moja pande zote.

Mlango wa kukubaliana upo. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, wa kulinda bahari na pwani, unaziunganisha nchi kumi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na nchi za visiwa na Ufaransa, yenye visiwa vyake huku, na una itifaki ya kusaidiana mafuta yakimwagika baharini. Kwa jodari ipo Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli. Jodari lazima asimamiwe kwa pamoja, kwa kuwa hakai katika maji ya nchi moja.

Wengi hapa wanakumbuka "samaki wa Magufuli", shehena iliyokamatwa Magufuli akiwa waziri wa uvuvi. Machi 2009, meli ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, ikiwa katika doria ya pamoja ya nchi za kanda, iliikamata Tawariq 1, meli ya kigeni iliyotuhumiwa kuvua bila kibali, katika ukanda wetu wa uchumi wa bahari. Kesi yake ilikuwa ndefu na ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Hayo tunawaachia wanasheria. Kilichotugusa sisi ni kwamba jirani alileta meli yake kulinda maji yetu. Ukanda huo unafika maili za baharini 200 kutoka pwani, na hakuna ngalawa ya Kunduchi inayoweza kwenda kuchungulia huko.

Ila ushirikiano huu, Mheshimiwa, haujafika mchangani. Wavuvi wetu, hasa ndugu zetu wa Pemba, wamekuwa wakienda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, Kenya tangu enzi za babu zao. Wanavua kule msimu mzima, wanaoa, wanarudi. Mvuvi huyo anapaswa kujua kabla hajang'oa nanga ni mtego gani unaruhusiwa aendako, ni mwamba gani umefungwa ili pweza wakue, na atajiandikisha kwa nani. Leo anayajua hayo kwa kuulizana, au siku anapokamatwa. Na mvuvi wa baruti akibanwa pwani moja huhamia nyingine. Tulizisikia baruti hapa kwa miaka mingi, tunajua zinavyoacha mwamba umekuwa kifusi.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza kabisa, kamati za wavuvi za Tanga na Mkinga zikutanishwe rasmi na wenzao wa Vanga na Shimoni, Kenya, na za Mtwara na wenzao wa Msumbiji, walau mara moja kwa mwaka, na sisi wa Dar es Salaam tuwe na mwakilishi. Maofisa wakae, ila wavuvi wazungumze.

Pia tupewe namba moja ya simu ya kutoa taarifa tukiona meli tusiyoielewa au tukisikia mlipuko, na anayepiga aambiwe baadaye taarifa yake iliishia wapi. Watu huacha kuripoti wasipojibiwa.

Sisi kwa upande wetu tutaendelea kulinda mazalia ya samaki na kuwapokea wavuvi wageni kwa utaratibu ulioandikwa, ambao nakala yake tunaiambatanisha na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.