Ile filamu uliyonisifia

Somo yangu,

Salamu nyingi toka Tanga. Sisi wazima, ila mvua imetunyeshea wiki nzima na umeme unakuja na kuondoka, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Na tena sikujua nikwambieje kuhusu ile Untraceable uliyonisifia. Nimeitazama yote, mpaka majina ya mwisho. Somo, umenikosea.

Mwanzoni ilinikamata, nikiri. Yule paka mdogo kwenye gundi ya panya, kamera inamtazama tu, naye analia! Unamkumbuka mjusi aliyenasa nyuma ya friji langu, tukamtoa kwa mafuta ya kula, tone kwa tone, wewe umeshika tochi? Mkia wake ulibaki kwenye gundi. Basi nilipomwona yule paka, ile harufu ikanirudia puani. Nikasema leo nimepata filamu.

Na wazo lenyewe ni kali, hilo sikunyimi. Mtu amefungwa, anarushwa mubashara kwenye tovuti, na kadiri watu wanavyofungua kumtazama ndivyo anavyokufa upesi. Wa kwanza anatiwa dawa ya kuzuia damu isigande. Watazamaji wakiongezeka, dripu nayo inaongeza kasi. Wapelelezi wa FBI wa pale Portland, Marekani, wakiifunga tovuti, inaibukia kwingine. Diane Lane, anayeigiza mpelelezi wao, mjane mwenye binti mmoja, amekodoa macho namba inapanda. Ile namba peke yake ilitosha kututia baridi.

Lakini Gregory Hoblit, mwongozaji wake, hakuiamini. Huyu huyu aliyetupa Primal Fear mwaka 1996! Hii ya 2008 kaijaza ngozi zinazobabuka chini ya taa kali na mtu ndani ya tangi maji yakigeuka asidi. Muuaji tunaonyeshwa sura mapema mno, kisha tunakaa kungoja polisi wajue tunachokijua. Kumbe baba yake alijiua hadharani, picha zikarushwa kwenye habari na kuzagaa mtandaoni, naye sasa anawawinda waliohusika: rubani wa helikopta, mtangazaji. Hapo ndipo palipokuwa na filamu, somo. Wamepapita kama basi la mikoani linavyopita vituo vidogo.

Halafu yale ya darajani. Mtaalamu mzima wa uhalifu wa mtandao, usiku, mvua, gari limezimika lenyewe, na ameshang'amua kuwa yule muuaji ndiye kaliingilia kwa kompyuta. Anapiga simu ya dharura, taa za gari zinawaka, naye huyoo anarudi kuingia! Baba watoto alikuwa amesinzia. Akafumbua jicho moja, akasema, "Yumo nyuma." Akalala tena.

Lililoniudhi hasa ni kwamba katika mamilioni wanaoifungua ile tovuti, hatukai na hata mmoja. Wamekuwa namba, na maneno yanayopita kwenye skrini. Mimi nilimtaka mmoja tu, karani na chai yake mezani, anajiambia anachungulia kidogo. Maana namjua. Mwezi uliopita kwenye grupu letu la WhatsApp ilikuja video ya ajali ya lori, juu yake imeandikwa kama una moyo mdogo usifungue. Nilikuwa nakuna nazi. Niliifungua na vidole vina machicha, nikaitazama mara mbili, kisha nikafuta kioo cha simu kwa kanga na kuendelea na nazi yangu.

Wangenishika pale ningenyamaza. Wao wanangoja mpaka muuaji kapigwa risasi, mama kainua kitambulisho mbele ya kamera, ndipo mtazamaji mmoja anauliza kama video inapakulika. Huyo! Huyo ndiye niliyemngoja tangu yule paka, na wamemleta watu wanavaa viatu.

Ukija Idi usiniletee filamu. Niletee halua, na ile tochi yangu uliyoondoka nayo siku ya mjusi.

Mimi somo yako