Kwa mpwa wangu mgombea: wakikuuliza kama wewe ni mliberali

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia kikosi chako cha kampeni kimegawanyika. Kuna wanaotaka neno "mliberali", yaani mtu wa mrengo wa kushoto katika siasa za Marekani, liwe juu kabisa ya kipeperushi, na kuna wanaotaka ulikwepe hata ukibanwa na mwandishi wa habari. Nakujibu hadharani kwa kuwa si wewe peke yako. Watoto wetu wanaogombea viti huko Minnesota wanaongezeka, na swali hili litawafikia wote kabla ya uchaguzi wa Novemba.

Mimi nasema usiliandike, na usilikane.

Nianze na kukana, maana huko ndiko wengi walikoumia. Mwaka 1988 Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts na mgombea urais wa Democratic, alisimama kwenye mkutano mkuu wa chama chake mjini Atlanta akatangaza kuwa uchaguzi ule hauhusu itikadi, unahusu nani anaiweza kazi. Kura za maoni zilikuwa zinampa ushindi. Agosti, Rais Ronald Reagan akapanda jukwaa la Republican na kulitaja neno hilo mara tatu mfululizo: liberali, liberali, liberali. George Bush, mgombea wa Republican, akalidaka na kuzunguka nalo nchi nzima, huku Dukakis akipiga chenga. Ilipofika mwisho wa Oktoba, siku chache tu kabla ya kura, ndipo akakiri kwamba naam, ni mliberali wa mapokeo ya Roosevelt, Truman na Kennedy. Bush alichukua majimbo 40.

Sisemi neno peke yake ndilo lililomwangusha. Kulikuwa na tangazo la Willie Horton, mfungwa wa Massachusetts aliyefanya uhalifu akiwa amepewa likizo ya gereza, na kulikuwa na lile jibu lake baridi kuhusu adhabu ya kifo kwenye mdahalo. Ila kwa wiki zote zile za kulikwepa, watu walimwona kama mtu anayeficha kitu. Alipokuja kulikubali, mpinzani alikuwa ameshalijaza maana anayoitaka yeye.

Mlinganishe na huyo Kennedy aliyemtaja. Septemba 1960, mjini New York, akipokea uteuzi wa Chama cha Liberal cha jimbo hilo, Kennedy hakuanza kwa kusema ndiyo wala hapana. Alianza kwa kueleza: kama mliberali ni mtu anayejali afya ya watu, nyumba zao, shule zao, ajira zao na haki zao za kiraia, basi anaona fahari kuitwa hivyo. Maana ilitangulia, kukubali kukafuata. Ni hila ndogo lakini inafanya kazi.

Utaniambia Bill Clinton alilikwepa na akashinda mara mbili. Kweli. Lakini alijitafutia jina jingine mapema, "Mdemokrati mpya", na alikuwa na rekodi ya ugavana Arkansas ya kuliegemeza. Mkewe Hillary naye aliulizwa kwenye mdahalo wa 2007 akajibu kwamba anapendelea kuitwa mpenda maendeleo. Wapinzani waliendelea kumwita mliberali kama kwamba hakusema kitu.

Hawataacha, mpwa wangu, kwa sababu ni kazi ya watu. Mwaka 1990 kundi la mbunge Newt Gingrich liliwasambazia wagombea wa Republican orodha ya maneno ya kuwapaka wapinzani, na "liberali" lilikuwemo, jirani na "wasaliti" na "ufisadi". Mshauri wao Arthur Finkelstein alilifanya taaluma: tangazo moja, neno moja, lirudiwe hadi mtu aliote. Mwaka 2024 tangazo dhidi ya Kamala Harris lilimalizia kwa kumwita mliberali wa hatari. Dawa ileile, chupa mpya.

Lakini kuna mahali dawa hiyo iligoma, na ni hukohuko uliko. Paul Wellstone alikuwa mwalimu wa chuo pale Northfield, mfupi, mwenye kelele, aliyeitumia miaka ya themanini kuwasaidia wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mashamba na mabenki. Mwaka 1990 alizunguka Minnesota kwa basi kuukuu la shule lililopakwa rangi ya kijani, akamwangusha seneta Rudy Boschwitz wa Republican aliyekuwa na pesa nyingi kuliko yeye mara kadhaa. Mwaka 1996 walipambana tena. Mimi nilikuwa mwanafunzi huko wakati ule, na matangazo yale nilichoka nayo: Wellstone mliberali wa kuaibisha, Wellstone seneta wa misaada. Mwaka huohuo Bunge lililoshikwa na Republican lilipitisha sheria ya kukata misaada kwa maskini, na Clinton akaitia saini. Wellstone aliipinga akiwa ndiye pekee kati ya maseneta wa Democratic waliokuwa wakitetea viti mwaka huo. Kila mtu alisema amejichimbia kaburi. Alishinda kwa tofauti ya takriban pointi tisa.

Hakuwa amevaa fulana iliyoandikwa mliberali. Ila mkulima aliyeona tangazo lile jioni alikuwa ameshamwona Wellstone kwenye ua wake, na hapo tangazo la sekunde thelathini halina la kumwongezea.

Ndiyo maana sitaki neno hilo kwenye kipeperushi. Kura ya maoni ya Gallup ya 2024 iliwapata Wamarekani 25 tu katika kila 100 wanaojiita waliberali, na 37 wanaojiita wahafidhina. Sasa tazama Missouri mwaka huohuo. Trump alipata takriban asilimia 58, na wapiga kura haohao, siku hiyohiyo, wakapitisha kima cha chini cha mshahara cha dola 15 na siku za ugonjwa zenye malipo, nako ni takriban asilimia 58. Wanalipenda jambo, jina hawalitaki. Kwa nini uwape jina kwanza?

Vijana wako watakutajia Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliyejiita msoshalisti bila kupepesa macho na akaupata umeya wa New York Novemba 2025. Nampenda sana. Ila aliyoyauza mlangoni ni kodi ya nyumba, mabasi ya bure na malezi ya watoto, na New York siyo vitongoji vya Minneapolis.

Lipo tatizo moja ambalo ni lako hasa. Ili DFL, yaani tawi la Democratic la Minnesota, ikuidhinishe unahitaji asilimia 60 ya wajumbe, na wajumbe ndio watu wanaolipenda neno hilo. Watataka kulisikia ukumbini. Waambie ndiyo, mara moja, kisha endelea moja kwa moja: "Ndiyo, mimi ni mliberali. Sheria ya siku za ugonjwa iliyoanza kutumika Minnesota mwaka 2024 inamlinda mama anayetunza wazee zamu ya usiku, na sitakubali iguswe." Jibu hilohilo, neno kwa neno, mpe mwandishi wa habari Oktoba.

Na mpe mchungaji pia. Wazee wetu wa kanisa wakisikia mliberali wanasikia utoaji mimba na ndoa za jinsia moja, basi. Usiwapelekee jibu jingine lililopunguzwa makali, kwa sababu binti za wazee hao ndio wajumbe wako, na majibu mawili yatakutana kabla hujafika nyumbani. Nenda na mama yako baada ya ibada, ukae, uache waulize wanayotaka kuuliza, hata yale ya kukera. Na yule kijana anayesimamia mitandao yako mwambie aache kubishana na wazee kwenye kundi la WhatsApp la kanisa saa sita usiku.

Mjomba wako