Shukrani kwa mama wa kijijini, nje ya Bologna, Italia

Mama yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Nilishuka kituo kisicho changu, kijijini milimani, giza linaingia na basi la mwisho limeshaondoka. Kiitaliano sijui. Ulinishika mkono tu, ukaniingiza jikoni kwako.

Unga na mayai, basi. Ulilisukuma donge kwa kifimbo kirefu hadi likawa jembamba, nikaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Ukalikunja, ukalikata: tagliatelle, tambi zile ndefu bapa. Mchuzi wa nyama ulikuwa ukitokota taratibu tangu mchana. Kwenye mikahawa ya Bologna nimekula, tena mizuri, lakini sahani ile!

Halafu mwanao akanirudisha mjini. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie.