Risala ya Wanafunzi na Wavuvi Watazamaji wa Ndege, Kunduchi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walimu wetu, wazee wa pwani, wavuvi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kuadhimisha nasi Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo hufanyika Jumamosi ya pili ya mwezi Mei na Jumamosi ya pili ya mwezi Oktoba. Tulikuomba ufike asubuhi kwa sababu leo ni bamvua, yaani siku ambayo bahari hujaa sana na kupwa sana, na kufikia saa 4 maji yatakuwa yamekupwa kabisa. Wavuvi ndio waliotupangia saa hiyo, kwani wao huijua bahari kwa kuutazama mwezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu apitaye hapa maji yakiwa yamekupwa huona tope tupu na huenda akadhani ni ardhi isiyo na kazi. Katika bahari yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, na kila maji yanaporudi nyuma hufunuliwa eneo pana lililojaa kaa wadogo, minyoo na chaza, ambalo kwa saa chache huwa meza ya maelfu ya ndege. Maji yakijaa, ndege hao husimama kwenye mafungu ya mchanga na pembeni mwa mikoko wakisubiri, kwa maana hawawezi kula. Ndiyo maana kuwafukuza kwa mbwa au pikipiki katika saa hizo chache za kupwa ni kuwanyima mlo wa siku nzima.

Mmoja wao ni chekeamwezi mdogo mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea kwa jina la kitaalamu. Ana uzito wa gramu 60 hivi, huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, na kuanzia Agosti huanza kufika katika pwani yetu kukaa hadi Aprili. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Safari yake ya maelfu ya kilomita hutegemea mafuta anayojiwekea mwilini, na sehemu ya mafuta hayo huyapata katika tope hili lililo mbele yako.

Yupo mwingine ambaye sisi tunampenda kuliko wote, na tunakiri hivyo bila kificho. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, Dromas ardeola, ambaye katika daftari letu tumemwandika kwa jina la mla-kaa. Hutaga yai moja, mara chache mawili, ndani ya shimo analochimba mchangani katika pwani za Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinachotugusa zaidi ni kwamba mtoto wake huendelea kulishwa na mzazi hata baada ya kuvuka bahari. Miezi hii tunawaona hapa watoto wa rangi ya kijivu, wakubwa karibu sawa na wazazi wao, wakiwafuata nyuma kwa filimbi isiyokoma wakiomba kaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ni kuhesabu na kuandika. Kila bamvua tunasimama mahali palepale, tunaandika aina ya ndege, idadi, hali ya maji na hali ya upepo. Msimu uliopita mwanafunzi wa kidato cha pili alisema ameona ndege aitwaye sululu mkubwa, yule ambaye haonekani kwa urahisi katika pwani yetu, akiwa amechanganyika na sululu wa kawaida. Picha ya simu ilikuwa na ukungu, hivyo mwalimu mlezi alituelekeza tuandike “sululu” peke yake. Mwenzetu alisikitika sana, lakini alikubali. Bamvua iliyofuata mzee mmoja mvuvi alitupigia simu akiwa kwenye mtumbwi, tukakimbia, tukamkuta ndege amesimama kando ya sululu wa kawaida: mdomo wake mrefu zaidi, na kichwani hana ile michirizi ya utosini. Watu wanne tulimwona na picha ilitoka safi. Siku hiyo ndipo tulipomwandika, na jina la aliyemwona mara ya kwanza likawekwa pembeni. Tunaamini kuwa daftari lenye mashaka machache lina thamani kuliko lenye ndege wengi wa ajabu.

Changamoto zetu ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kifusi. Nyakati za usiku malori humwaga mabaki ya ujenzi pembeni mwa mikoko, na kila mahali palipofunikwa hapalishi ndege tena, wala hapazai kamba na samaki wa wavuvi wetu.

Ya pili ni kunguru weusi wa India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakavuka hadi Dar es Salaam, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo kiasi kwamba kunguru wa asili mwenye kifua cheupe ametoweka katika sehemu kubwa ya jiji. Jitihada za kuwatega na kuwatilia sumu zimefanyika kwa nyakati tofauti, nasi tunaziunga mkono, lakini kwa maoni yetu hazitafika mbali iwapo matumbo ya samaki na mabaki ya vyakula yataendelea kulala wazi. Taka ndizo zilizowaleta, na taka ndizo zinazowalisha.

Kwa hiyo tunaomba ofisi yako isaidie kuweka kizuizi katika njia ya malori iendayo kwenye mikoko, na kuhakikisha taka za soko la samaki zinazolewa kila siku kabla ya jua kuchwa. Tunaomba pia darubini mbili, kwani tuliyo nayo ni moja kwa wanachama wote, pamoja na ubao wa picha za ndege wenye majina ya Kiswahili ambayo tumeanza kuyakusanya kwa wazee wa hapa kabla hayajasahaulika.

Maji sasa yamekupwa, na wala-kaa wameshatua upande wa kaskazini wa fungu. Mwanafunzi wetu yuko tayari na darubini kukuongoza, na viatu vya kukanyagia tope vimeandaliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.